Upana wa Ngazi

Kwanza nilichora kwa rula, kama nilivyofundishwa:
ghorofa nne, basi, zikiuzunguka ua mmoja,
chini maduka, juu watu.
Jua la jioni nikalipa kisogo,
madirisha nikayatazamisha kaskazini na kusini,
ukuta wa mashariki nikaufanya mnene, hauna hata tundu,
maana upepo wa Julai ukitoka huko haupigi hodi.

Viwanja vya Nzuguni nilivihesabia mezani.
Kila mtu na mita zake mia sita,
kila mtu na ukuta wake, geti lake, mbwa wake,
na mji unatambaa,
unameza uwele, unameza zabibu,
mpaka mtoto anaamka saa kumi alfajiri
kuifuata shule iliyoachwa nyuma,
na bomba la maji linakata pumzi njiani.

Nikawaambia wenye viwanja: tukae karibu.
Sikusema tubanane. Karibu.
Kaya thelathini na mbili pale zinapokaa nne,
na ardhi inayobaki ibaki ardhi.

Sechelela Mgonela alikuja kikaoni
na utepe wa kupimia shingoni, katoka kwenye cherehani.
Hakuuliza bei. Hakuuliza rangi.
"Hii ngazi umeandika tisini?"
Sentimita tisini, nikasema, ndiyo kanuni.
Akauvuta utepe, akaulaza sakafuni,
akaweka kandambili zake huku na huku kama kuta.
"Mama yangu tulimzika Januari.
Jeneza, watu sita, watatu kila upande.
Nipitishie hapo.
Ukifika kwenye kona, nigeuzie."

Feni ilikuwa inazunguka. Niliisikia vizuri sana.
Mhandisi Yaredi akakohoa, akafungua jalada, akalifunga.
Katika orodha ya mahitaji ya mradi
tuliandika maegesho, tuliandika taka,
kifo hatukukiandika.

Basi wengine nao wakapata midomo.
Turubai la msiba litafungwa wapi?
Mashine ya kusaga ikinguruma chini,
mtoto wa ghorofa ya kwanza atalala saa ngapi?
Na mlenda? Majani ya mlenda nitayaanika kwenye kibaraza
kinachotosha ndoo moja na mguu mmoja?

Usiku ule sikulala, nilifuta.
Ngazi ikawa mita moja na nusu,
kila kona kipande cha kupumzikia, na benchi,
kwa anayepanda na gunia na anayeshushwa asijijue.
Mashine nikaihamishia pembeni, juu ya msingi wake peke yake,
itetemeke na dunia yake.
Chini ya ua, tangi,
kwa kuwa mvua yetu ni mgeni wa miezi minne
na akiaga haachi namba ya simu.
Paa la mabati nikaling'oa kwa ncha ya penseli,
nikalilaza bapa, na ukingo wa kifuani.
Babu yangu alianika uwele juu ya tembe,
akiwafukuza mbuzi kwa fimbo.
Nami nimesoma miaka mitano, mkopo bado naulipa,
ndipo nikaligundua paa.

Mhasibu akapiga hesabu: vyumba viwili vimepotea.
Vimepotelea wapi?
Kwenye ngazi, nikamwambia.
Hakucheka. Saruji ina bei, na yeye ndiye anayeijua.
Alisema benki itauliza, na kweli imeuliza,
barua tatu mpaka leo.

Kibali cha jiji hakijatoka.
Lakini siku ile, kikao kilipokwisha,
Sechelela aliinama juu ya ramani mpya,
akatoa mfukoni chaki ya fundi, ile bapa, ya buluu,
akavuta kamstari kafupi kwenye duka la tatu, kando ya mlango,
pale mwanga unapoingia na vumbi linapokosa njia.
"Cherehani," alisema. "Mguu wa kulia huku."

Nakala zote nimechapisha safi.
Ile yenye chaki
naikunja taratibu, isifutike.